Hawa Wote Wanaomtibu Huyu Mtoto, Huwa Wanaongea?

Ilikua baada ya magharibi, duka limejaa, na mimi niko nyuma ya kaunta natafuta chenji, bibi mmoja akaingia na mjukuu wake wa miaka tisa kamshika mkono. Mtoto alikua anavuta pumzi kwa mabega. Mwenye pumu nyumbani kwake anajua hayo mabega ni ya namna gani. Bibi akaniambia nimpe pampu, ile ya bluu, ya haraka.

Sasa mimi huyu bibi namjua, kemisti yetu iko Kisauni, Mombasa, na yeye anakaa nyuma ya msikiti, na nilikua nimemuuzia pampu kama hiyo wiki mbili tu nyuma.

Nkamuuliza, "Mamangu, ile nyingine imepotea?"

"Haikupotea mwanangu. Imekwisha."

Pampu ile ina pafu 200, yaani ukiiminya mara 200 imekwisha. Ukiimaliza kwa wiki mbili ina maana mtoto anavuta pafu 14 kila siku, na ile dawa kazi yake ni kufungua kifua kilichobana, haitibu ule uvimbe ulioko ndani ya njia za hewa. Sikusema kitu wakati ule. Tulimkalisha kijana, tukamtia pafu kupitia spesa, yaani ile chupa ya plastiki unayoweka kati ya pampu na mdomo, akapata nafuu kidogo, nkaita tuktuk iwapeleke hospitali usiku uleule manake mtoto wa kupumua kwa mabega si wa kupeleka nyumbani kulala.

Tulipokua twangoja tuktuk, bibi akafungua kikoba chake akanitolea madaftari. Matatu. Kila hospitali na daftari lake, yale ya shule ya kawaida tunayoandikiwa sote. Akayaweka juu ya kaunta akaniambia nimsomee manake yeye miwani imevunjika. Nkasoma. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo naamka nalo:

"Hivi mwanangu, hawa wote wanaomtibu huyu mtoto, huwa wanaongea?"

Bibi ameniruhusu niandike haya, na mambo mengine nimeyageuza kidogo ili asijulikane.

Kilichokua ndani ya yale madaftari

Daftari la kwanza lasema pumu. La pili, nimonia. La tatu lasema mzio, aepuke vumbi. Yote matatu mtoto ni mmoja na kifua ni kimoja.

Lakini hilo halikunishtua sana, kifua cha mtoto ni kigumu kukisoma hasa saa nane za usiku na foleni iko mlangoni. Kilichonishtua ni predinisoloni. Vile vidonge vya steroidi, vya kushusha uvimbe. Kila daftari lilikua limeandika predinisoloni siku chache, na kila aliyeandika alikua sawa kabisa, mtoto amebanwa vibaya unampa steroidi za siku tatu mpaka tano, ndo matibabu. Ukisoma daftari moja huoni tatizo lolote. Ukiyaweka matatu pamoja juu ya kaunta ndo unaona huyu mtoto amekula steroidi tena na tena na tena, na hakuna hata mmoja aliyeona ile jumla. Na steroidi za kumeza zikirudiwarudiwa hivo zina bei yake kwa mtoto: kimo kinachelewa, uso unavimba, mifupa inalegea, na mwili unaweza kusahau kutengeneza zake wenyewe.

Hakuna aliyekosea na bado mtoto anaumia. Hapo ndo niliposhindwa kulala.

Kila mtu na kipande chake

Nilianza kuhesabu ni nani anajua nini kuhusu huyu kijana.

Mimi wa kemisti najua pampu ngapi za bluu zimeuzwa, na najua ile ya kuzuia, ile ya steroidi ya kuvuta asubuhi na jioni, ilinunuliwa mara moja ikawa basi. Daktari wa usiku anajua oksijeni ilishuka mpaka ngapi. Mwalimu wa shule anajua mtoto hachezi mpira, hukaa pembeni na mabegi ya wenzake. Ustadhi wa madrasa anajua akikohoa sana ni siku wanapokung'uta mazulia. Bibi anajua usiku. Mamake yuko Saudia, yeye ndo anatuma pesa ya dawa, na yeye ndo aliyesikia kwa wenzake kwamba mtoto akizoea pampu hataiacha maisha, kwa hivo akatuma voisi akasema ile ya kila siku isimamishwe, apewe asali na habasoda. Babake ni dereva wa trela, anajua tu kwamba kila akirudi kutoka Malaba anakuta mtoto amelazwa.

Wote hao wanampenda. Na wote hao, wewe tafuta siku moja tu waliyowahi kukaa wakaunganisha.

Anayeunganisha ni bibi. Mzee wa watu, miwani imevunjika, kikoba mkononi, anatembea na historia nzima ya mgonjwa kutoka mlango hadi mlango na kila mlango anaulizwa upya, "Shida ni nini?"

Nkaanza kusoma

Nilitaka kujua wenzetu wa ng'ambo wanafanyaje na mtoto ambaye pumu yake haisikii dawa. Manake kuna pumu na kuna pumu. Watoto wengi ukiwapa ile pampu ya kuzuia kila siku na wakaivuta sawasawa wanatulia. Wanaobaki wamebanwa hata kwa dozi kubwa pamoja na dawa ya pili juu yake, hao ndo pumu yao yaitwa kali kikweli, na ni wachache sana, kama watano katika mia ya wenye pumu au hata chini ya hapo.

Nilidhani kliniki zao za watoto hao ni mambo ya mashine na sindano za gharama. Mashine zipo, na sindano zipo pia, kuna moja yaitwa omalizumabu ambayo Marekani iliruhusiwa 2003 kwa kuanzia miaka 12 na baadae ikashuka mpaka watoto wa miaka sita. Lakini sindano iko mwisho wa foleni. Mbele ya sindano kuna maswali. Je, hii ni pumu kweli ama ni kitu kingine kinachofanana nayo? Dawa anaivuta ama inakaa kabatini? Anaivuta vipi, hebu avute nione. Nyumbani kuna nini? Ana hofu, analala, anacheza? Na kila swali lina mtu wake. Daktari wa mapafu ya watoto anapima, nesi wa pumu anamtazama akivuta, mfamasia anahesabu dawa zilizochukuliwa kwa mwaka, wa mazoezi ya viungo anaangalia namna anavyopumua manake kuna watoto koo ndo linabana na si kifua, mwanasaikolojia anakaa na mtoto na mzazi, na kuna wa ustawi wa jamii. Kisha, na hapa ndo penyewe, wanakaa meza moja na faili moja wanaongea kuhusu mtoto mmoja.

Hospitali ya Royal Brompton kule London wao waliongeza jambo: nesi anamfuata mtoto mpaka nyumbani. Mwaka 2009 walichapisha waliyoyaona kwa watoto 71 ambao pumu ilikua imewashinda madaktari wao. Zaidi ya nusu, baada ya kutembelewa na vitu kurekebishwa, haikuhitajika tena kuwapandishia matibabu. Walichokuta huko ni dawa hazichukuliwi, pampu inavutwa visivyo, moshi wa sigara ndani ya nyumba, wanyama, hofu. Vitu ambavyo mashine ya hospitali haiwezi kuviona manake viko sebuleni kwa mtu.

Nliposoma hapo nkasimama kidogo.

"Hayo ni ya Wazungu"

Nlimwelezea rafiki yangu mmoja, nesi, akacheka kwa uchungu. Akasema wewe unaongea timu ya watu sita na mimi wodi nzima niko na mwenzangu mmoja. Madaktari wa mapafu ya watoto nchi hii ni wachache mno, ukitaka kumwona mmoja uwezekano mkubwa unapanda treni Miritini uende Nairobi. Hata ile pampu ya kuzuia familia nyingi inawashinda kununua kila mwezi. Sasa timu ya nini? Kwanza watu wapate dawa.

Maneno yake yalinikaa. Nlikaa nayo kweli, manake ana haki, na mimi mwenyewe nkaanza kuona pengine nataka kitu cha anasa.

Kilichonigeuza kwanza ni habari ya mtoto wa huko huko London, Ella Adoo-Kissi-Debrah. Wengi mmemsikia. Alifariki Februari 2013, ana miaka tisa, umri sawa na kijana wetu. Alikua na pumu kali sana, amelazwa karibu mara 30 kwa miaka kama mitatu, na hospitali tofauti tofauti, nyumba yao iko karibu na barabara kubwa yenye magari mchana na usiku. Desemba 2020 mchunguzi rasmi wa kifo chake alisema uchafu wa hewa ulichangia, na akasema mamake hakuwahi kuelezwa habari ya hatari ya ile hewa, na kwamba angeelezwa angechukua hatua. London hiyo! Madaktari wapo, mashine zipo, dawa ya bure, na bado mama hakuambiwa. Kwa hivo si pesa peke yake. Pesa yaweza kuweko na vipande bado vikabaki vipande.

Nkakumbuka pia ripoti yao ya 2014, waliochunguza vifo 195 vya pumu Uingereza. Katika wale ambao rekodi zao za pampu ya haraka zilipatikana, asilimia 39 walikua wameandikiwa zaidi ya pampu 12 kwa mwaka mmoja. Yaani zaidi ya moja kila mwezi. Ile dalili ilikua imekaa kwenye rekodi wazi kabisa, inasubiri mtu aisome. Mimi hapa Kisauni nina daftari langu la mauzo, na mpaka leo hajatokea daktari wala nesi aliyenipigia simu kuniuliza, fulani huchukua pampu ngapi?

Kisha likaja la pili, na hili ni letu wenyewe.

Sisi timu tunaijua. Tushaijenga! Tazama kliniki za ukimwi zilivyojengwa hapa Pwani. Kuna wa kukupima, kuna mshauri wa dawa anayehesabu vidonge vyako na kukuuliza bila kukukaripia kwa nini vimebaki, kuna akina mama waliopitia hali hiyo wanaowashika mkono akina mama wapya, na ukikosa siku yako ya kliniki unapigiwa simu, usiposhika mtu anakuja kukutafuta mtaani. Faili lako ni moja. Na kifua kikuu vilevile, watu wanafuatwa mpaka dawa iishe. Haya hayakufanywa na madaktari bingwa sita, yamefanywa na manesi, washauri, na watu wa mtaa waliofundishwa kazi yao vizuri wakaaminiwa, na ndiyo pesa za wafadhili zilisaidia, lakini ujuzi umebaki hapa hapa kwetu.

Nlimrudia rafiki yangu na hoja hiyo. Hakucheka tena. Akanyamaza, akasema, "Hilo la kufuatiliwa ndo linakosekana kwa pumu. Mtoto akipona usiku ule tunamruhusu, na hakuna anayejua kesho yake."

Nyumba ya mtu

Hapa lakini kuna jambo gumu na silioni likisemwa sana. Kumtembelea mtu nyumbani si jambo jepesi Mombasa. Nyumba ni sitara. Ukija na kalamu na karatasi unaangalia kona za chumba cha mtu, hata kama nia ni njema, umemvunjia heshima.

Na vinavyoamsha pumu huku kwetu si vile vya vitabuni tu. Nani atamwambia bibi asifukize udi usiku wa kuamkia Ijumaa? Moshi ni moshi, mapafu ya mtoto hayatofautishi ubani na sigara, lakini kwa bibi ule ni ubani wa nyumba yake tangu kwa mamake. Kuna ile dawa ya mbu ya kuwasha, inawaka usiku kucha chini ya kitanda, na ukimwambia aizime utamwambia nini kuhusu malaria? Kuna jiko la mkaa kwenye ukumbi wa nyumba za vyumba sita mnazopanga pamoja, moshi wa jirani ndo wako. Kuna paka wa Mji wa Kale ambao ni wa kila mtu na si wa mtu. Kuna godoro la sponji na huu unyevunyevu wa bahari, wale wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho wanapenda sana hewa kama hii yetu. Na ukitoka nje kwa upande wa Changamwe na Jomvu ni moshi wa trela.

Anayeingia hapo lazima awe mtu wa hapo. Boston huko Marekani hospitali yao ya watoto ilianza mpango wa namna hii mwaka 2005, wakatumia wahudumu wa mtaa wanaojua lugha ya familia, wanafundisha, wanasaidia kuondoa mende na vumbi, na watoto waliolazwa wakapungua. Sisi wahudumu wa afya ya jamii tunao, tangu Septemba 2023 serikali imewatoa kama laki moja nchi nzima na mikoba yao ya vifaa. Wangu wa mtaa namjua, ni mama wa makamo, akibisha hodi anakaribishwa na chai. Huyo ndo anaweza kukaa mkekani akasema, "Dadangu, udi fukiza, lakini fukiza mtoto akiwa madrasa na madirisha yawe wazi, akirudi moshi ushatoka." Hakukataza. Amepanga. Mtu wa namna hiyo akifundishwa kuangalia mtoto anavyovuta pampu, na awe na namba ya nesi wa kumpigia, tayari una nusu ya timu.

Na spesa isiwe kisingizio. Cape Town, mwaka 1999, Profesa Heather Zar na wenzake walionyesha kwamba chupa ya soda ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni na pampu ikakazwa pale vizuri hewa isivuje, inafanya kazi sawa na spesa ya dukani kwa mtoto aliyebanwa. Vikombe vya povu havikufanya vizuri. Chupa iliyozibwa, ndio. Kwa hivo mtoto asivute pampu kavu dawa ikaishia kwenye ulimi eti kwa sababu spesa ni ghali.

Tulipofikia

Yule rafiki yangu nesi amekubali kitu kidogo. Madaftari matatu tumeyanakili kwenye moja, ukurasa wa kwanza kuna orodha: dawa anazotumia, tarehe za kila predinisoloni, pampu za bluu na siku zilipouzwa. Hiyo ya mwisho najaza mimi. Bibi akija, naandika, napiga muhuri wa duka. Daktari aliyeona ule ukurasa mara ya kwanza aliita mwenzake waje wausome pamoja, na ndo huyo aliyempa barua ya kwenda kwa bingwa.

Mamake tulimpigia, Saudia, ilikua usiku, ametoka kazini. Nesi alimwelezea polepole kwamba ile pampu ya kila siku dozi yake ni ndogo na inakwenda kifuani moja kwa moja, na kinachomtia mtoto steroidi nyingi mwilini ni vile vidonge anavyopewa kila akibanwa, na kwamba akiivuta hii kila siku na kusukutua mdomo, vile vidonge vitapungua. Hakubishana. Aliuliza tu, "Mbona hakuna aliyeniambia?" Kisha akalia, na sisi tukangoja. Habasoda na asali hatukumkataza, tukamwomba tu pampu isiachwe.

Kijana mwenyewe tulimwambia avute tuone. Alikua anaminya kwanza, kisha ndo anavuta, dawa yote inatoka nje kama manukato. Hakuna aliyewahi kumwambia avute mbele ya mtu. Sasa anatumia spesa, anavuta polepole, na dadake mdogo anamhesabia pumzi kwa sauti, anajivunia kazi yake kama mwalimu mkuu.

Hajapona. Wiki ya mvua alibanwa tena, akalazwa. Pengine yeye ni katika wale wachache ambao pumu yao ni kali kweli na atahitaji zile dawa za mwisho wa foleni, sijui nani atazilipa, na jambo hilo laniuma. Lakini safari hii alipofika pale hospitali bibi hakuulizwa shida ni nini kuanzia mwanzo. Alifungua ukurasa wa kwanza.

Ninachokiomba kwa wenye kaunti, na nakiomba kwa moyo wote, ni siku moja kwa mwezi. Hospitali moja kubwa hapa Mombasa, chumba kimoja, asubuhi moja: daktari wa watoto, nesi mmoja aliyefundishwa pumu, mfamasia, wa mazoezi ya viungo, mshauri, na wahudumu wa mtaa wa wale watoto, wakae na orodha ya waliolazwa zaidi ya mara mbili mwaka huo. Bingwa wa Nairobi aingie kwa simu. Hao watu wote wako kwenye mishahara ama posho tayari.

Kwetu sisi amebaki mwalimu. Shule zimefungwa, na pale kwao nimeambiwa pampu za watoto hufungiwa ofisini na ofisi hufungwa mwenye funguo akitoka. Zikifunguliwa tunakwenda, mimi, bibi na yule mama wa mtaa, na barua ya nesi, mtoto aruhusiwe kukaa na pampu yake mfukoni.